Kupekua Msimbo Mkubwa kwa Kivinjari: Mwongozo wa Kuuliza Swali Sahihi

Mradi mpya unaokabidhiwa kazini mara nyingi si mpya hata kidogo. Una maelfu ya faili, walioandika nusu yake wameshahama, na nyaraka zake ziliachwa kusasishwa zamani. Wewe unatakiwa urekebishe jambo moja dogo kabla ya Ijumaa. Huna muda wa kuusoma wote, wala hakuna anayekutaka uusome wote. Kerneli ya Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991, sasa ina mistari zaidi ya milioni 30. Hata wanaoitengeneza kila siku husoma kipande wanachokihitaji, kingine wakakiacha kilipo.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kukifikia kipande hicho kwa zana zinazofunguka kwenye kivinjari: Elixir, Searchfox, OpenGrok, utafutaji wa GitHub na nyingine za jamii hiyo. Kuanza hakuhitaji kusakinisha chochote. Inatosha kuwa unaweza kusoma C au Java ya kawaida, na kwamba kila unapobofya unajiuliza: hapa nauliza nini hasa? Wengi hukwama hapo. Kila zana imetengenezwa kujibu swali la aina fulani. Ukiiuliza swali lisilo lake, haitakataa. Itakupa jibu pungufu, nawe utaondoka ukidhani umepata lote.

Maswali manne

Karibu kila unachokitafuta ndani ya msimbo kinaangukia katika mojawapo ya maswali haya.

1. Jina hili limefafanuliwa wapi? Umeona fanksheni ikiitwa, sasa unataka kuuona mwili wake.

2. Nani analitumia? Unakusudia kuibadilisha fanksheni, na kabla ya kuigusa unataka kujua ni nani atakayeathirika.

3. Maandishi haya yanatokea wapi? Mteja amekutumia picha ya ujumbe wa kosa. Au una jina la safu ya hifadhidata, au ufunguo ulioko kwenye faili la mipangilio. Hayo si majina ya fanksheni.

4. Mstari huu uliingia lini, na kwa sababu gani?

Liandike swali lako kabla ya kufungua kivinjari, hata kama ni kwenye kipande cha karatasi. Ukishajua ni la namba ngapi, umeshachagua zana.

Faharasa zinajua nini

Zana zote hizi husoma msimbo mapema na kujitengenezea faharasa, ndiyo maana hujibu papo hapo. Tofauti yao iko katika kile faharasa inachokijua.

Aina ya kwanza ni faharasa ya majina. Programu ya Universal Ctags hupita faili moja baada ya jingine, ikaokota kila fanksheni, makro, muundo na kigeu kinachofafanuliwa, kisha ikaandika jina, faili na namba ya mstari. Haikompaili chochote, inatazama sura ya msimbo tu. Kwa hiyo ni ya haraka, inazijua lugha nyingi, na hata mradi uliogoma kukompailika unapekulika. Elixir na OpenGrok zote zinaitegemea. Udhaifu wake unatoka palepale: mradi ukiwa na fanksheni ishirini zinazoitwa `init`, ctags haijui unayoitazama ni ipi. Itakuletea zote ishirini, uchague mwenyewe.

Aina ya pili ni faharasa ya maana. Hii hutokana na kompaila yenyewe, kwa hiyo inajua kwamba `init` ya mstari huu ni ya klasi hii, si ya ile. Searchfox ya Mozilla huusoma hivyo msimbo wa C++ wa Firefox kwa kutumia Clang. Google nayo hutumia mfumo wake wa Kythe kwenye source.chromium.org na cs.android.com. Usahihi huo una bei yake: lazima mradi ukompailike kwanza, na kinachoingia kwenye faharasa ni kile kilichokompailiwa peke yake. Faharasa ikitengenezwa kwa Linux tu, msimbo uliofungwa ndani ya `#ifdef` ya Windows hautakuwamo. Searchfox huliepuka hilo kwa kuunganisha matokeo ya majukwaa kadhaa, lakini usidhani kila zana hufanya hivyo.

Aina ya tatu ni faharasa ya maandishi. Hii huyakata maandishi yote vipande vya herufi tatu tatu. Neno `socket` hutoa `soc`, `ock`, `cke` na `ket`. Ukilitafuta, zana huchukua orodha ya faili zenye `soc`, orodha ya zenye `ock`, na kadhalika, ikabakiza faili zilizomo katika orodha zote. Hizo chache ndizo husomwa mstari kwa mstari. Russ Cox aliieleza mbinu hii hadharani Januari 2012, mwezi uleule Google ilipoifunga huduma yake ya Code Search ambayo yeye alishiriki kuijenga mwaka 2006. Leo mbinu hiyo inaendelea ndani ya zana za Zoekt, Hound na Debian Code Search.

Ukiufahamu ukataji huo utajua namna ya kuandika ruwaza ya kutafutia (regex). Ipe zana angalau herufi tatu zinazofuatana ambazo hazibadiliki. Ruwaza `error.*timeout` ni nyepesi kwake kwa kuwa ina maneno mawili ya kushika. Ruwaza `[a-z]+_[0-9]+` haina pa kushika. Zana italazimika kusoma kila kitu, au itakata tamaa njiani.

Swali la nne halijibiwi na faharasa yoyote kati ya hizi. Hilo ni la Git, nasi tutalifikia.

Mfano wa kwanza: kufungua faili ndani ya Linux

Fungua elixir.bootlin.com. Tovuti hii inaendeshwa na Bootlin, kampuni ya Ufaransa inayoshughulika na mifumo pachikwa. Kabla yake wengi walitumia LXR, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo katika miaka ya 1990. Mbali na Linux, Elixir ina miradi kama U-Boot, BusyBox na glibc.

Kabla ya kutafuta chochote, chagua toleo kwenye orodha iliyo upande wa kushoto. Mfano wetu ni `v6.6`. Usiruke hatua hii. Kerneli hubadilika kila baada ya wiki chache, na maelezo ya toleo moja yanaweza kuwa uongo katika jingine. Soma toleo ambalo mashine yako inaliendesha. Amri ya `uname -r` itakuambia ni lipi.

Swali letu: programu inapofungua faili, ndani ya kerneli kunatokea nini? Programu nyingi hupitia wito wa mfumo uitwao `openat`, na mwenye uzoefu kidogo ataanza kwa kutafuta `sys_openat`. Hapa pana mtego wa kwanza. Tangazo lake utalikuta kwenye `include/linux/syscalls.h`, lakini ukiwa na zana ya maandishi hutaona mahali mwili wake unapoanzia kwa jina hilo. Sababu ni kwamba faili la `fs/open.c` limeandikwa `SYSCALL_DEFINE4(openat, ...`. Jina kamili huundwa na makro wakati wa kukompaili. Ndani ya faili halimo. Kuna zana zilizofundishwa kuitambua makro hii na kuna ambazo hazikufundishwa. Wewe ukishaijua, hutegemei zana: tafuta `SYSCALL_DEFINE`, ongeza jina la wito.

Mtego huohuo utaukuta kwa `printk`. Tangu toleo la 5.15, `printk` ni makro iliyoko `include/linux/printk.h`, na fanksheni halisi inaitwa `_printk`. Kila ufafanuzi unapokuja na alama ya makro badala ya fanksheni, soma mstari huo kabla ya kuendelea, maana jina unalolitaka limejificha humo.

Sasa ingia `fs/open.c`. Mwili wa `openat` ni mfupi. Unaita `do_sys_open`, nayo inaita `do_sys_openat2`. Bofya jina hilo. Elixir itakuonyesha makundi mawili, mahali lilipofafanuliwa na mahali linapotajwa. Hayo ni maswali yetu namba 1 na 2 yamewekwa ukurasa mmoja. Nenda kwenye ufafanuzi, soma taratibu. Utaona `get_unused_fd_flags` ikitafuta namba iliyo wazi, kisha `do_filp_open` ikifanya kazi yenyewe, na mwisho `fd_install` ikiiunganisha namba na faili. Kazi ikishindikana, `put_unused_fd` huirudisha namba.

Bofya `do_filp_open`, nawe umehamia `fs/namei.c`. Humo `path_openat` inaitwa hadi mara tatu: kwanza kwa njia ya haraka yenye alama ya `LOOKUP_RCU`, ikirudisha `-ECHILD` inarudiwa kwa njia ya kawaida, ikirudisha `-ESTALE` inarudiwa tena kwa `LOOKUP_REVAL`. Umeisoma mistari kama kumi tu, lakini umeshajua jambo ambalo vitabu vingi vya mifumo endeshi hulipita: kerneli hujaribu kwanza bila kufuli, na hulipa gharama pale tu inapolazimika.

Ukiendelea utarudi `fs/open.c`, kwenye `do_dentry_open`. Hapo pana mtego wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Fanksheni hii inachukua `f->f_op->open` na kuiita. Ukibofya `open` utamwagiwa orodha ndefu isiyo na msaada, kwa sababu hicho ni kielekezi. Fanksheni itakayoitwa inajulikana mashine inapokimbia, kulingana na faili liko kwenye mfumo gani wa mafaili. Faharasa ya majina haiwezi kulijua hilo.

Uking'ang'ana na jina hapo hutafika. Hamia kwenye aina. Kigeu `f_op` ni cha aina ya `struct file_operations`, kwa hiyo uliza: nani anatengeneza muundo wa aina hiyo? Diski yako ikiwa ni ext4, tafuta `ext4_file_operations`. Itakupeleka `fs/ext4/file.c`, na ndani yake utauona mstari wa `.open = ext4_file_open`. Njia imeungana tena. Ukizoea hatua hii, kutoka kwenye kielekezi kwenda kwenye aina, na kutoka kwenye aina kwenda kwa aliyeijaza, sehemu kubwa ya kerneli itakufungukia, kwa sababu madereva na mitandao nayo imejengwa hivyohivyo.

Kumbuka kuwa Elixir hutafuta majina tu. Ukitaka maneno yaliyomo ndani ya ujumbe wa kosa, hamia zana ya maandishi.

Mfano wa pili: mgonjwa anaposajiliwa ndani ya OpenMRS

OpenMRS ni mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioandikwa kwa Java. Ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na umesambaa katika vituo vya afya vya nchi nyingi. Unatufaa kwa sababu mbili: ni mfumo ambao msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuukuta kazini, na umejaa mambo ambayo faharasa haiyaoni.

Swali: mgonjwa mpya anapohifadhiwa, nani hujaza jina la aliyemsajili na tarehe ya usajili?

Ingia GitHub kwa akaunti yako, kwa sababu bila akaunti huruhusiwi kutafuta ndani ya msimbo. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika:

`repo:openmrs/openmrs-core symbol:savePatient`

Kipengele cha `symbol:` huleta mahali jina linapofafanuliwa na kuziacha sehemu linapotajwa tu. Utapata `PatientService`, ambayo ni intafesi isiyo na mwili, na `PatientServiceImpl`, yenye mwili. Hii ndiyo sura ya kielekezi katika Java: msimbo unaoita huijua intafesi tu, na kinachotekelezwa kimechaguliwa kwingine. Katika miradi ya Java, jina la intafesi likiongezewa `Impl` mara nyingi hufika. Likigoma, tafuta `"implements PatientService"`, pamoja na alama za nukuu.

Soma `savePatient` ndani ya `PatientServiceImpl`. Inakagua ruhusa, inahakiki vitambulisho vya mgonjwa, inachagua kitambulisho kikuu, kisha inamkabidhi mgonjwa kwa `dao.savePatient`. Lakini aliyemsajili hatajwi wala tarehe haitajwi. Fuata `dao` hadi `HibernatePatientDAO`. Huko nako, kwa mgonjwa mpya kabisa, hakuna.

Aliyezoea kubofya tu atakwama hapa, kwa kuwa hakuna jina lililobaki la kubofya. Badilisha swali. Acha namba 1, chukua namba 3. Tarehe na jina ni lazima viwekwe na mtu fulani, na katika Java anayeweka hutumia neno `set`. Kwa hiyo:

`repo:openmrs/openmrs-core path:api/src/main setDateCreated`

Miongoni mwa matokeo utakutana na `AuditableSaveHandler`. Humo ndimo: kama aliyesajili hajatajwa, mtumiaji aliyeingia kwenye mfumo anaandikwa, kama tarehe haipo, ya sasa inawekwa. Nani anaiita klasi hii? Ni `RequiredDataAdvice`, klasi inayotangulia kila mbinu ya huduma ambayo jina lake linaanza na `save`. Na `RequiredDataAdvice` inaitwa na nani? Ndani ya msimbo wa Java wa huduma hutaona anayeiita. Katika matoleo ya 2.x imeunganishwa kupitia faili la mipangilio ya Spring, `applicationContext-service.xml`. Utafutaji wa maandishi unalipata faili hilo mara moja, kwa sababu hauchagui lugha. Utafutaji wa majina hauliangalii.

Funzo lake ni la kila siku kwa watumiaji wa Spring, Django, Laravel na mifumo mingine ya aina hiyo: sehemu ya mtiririko wa programu imo kwenye XML, YAML, vibandiko vya `@` na kanuni za majina. Mnyororo wa kubofya ukikatika ghafla, tafuta jina la klasi kama maandishi matupu, katika faili za aina zote.

Imebaki hatua moja. OpenMRS haiko kwenye hifadhi moja. Msimbo wa kati uko `openmrs-core`, lakini moduli zake nyingi zina hifadhi zao. Ukitaka kubadilisha `savePatient` na ukakagua hifadhi moja tu, hujajibu swali namba 2. Panua:

`org:openmrs "savePatient(" NOT path:test`

Sasa utaziona na moduli zinazoitegemea, majaribio yakiwa yameachwa nje. Weka akilini kikwazo kimoja: GitHub hutafuta tawi kuu peke yake. Kituo kinachoendesha toleo la miaka mitano iliyopita kina msimbo ambao utafutaji huo hautauonyesha. Kwa toleo la zamani, pakua hifadhi, hamia kwenye tagi husika, kisha tumia `git grep -n`.

Swali la nne: mstari huu umetoka wapi?

Mstari wa ajabu usiufute kabla hujamjua aliyeuleta na sababu yake. Kwenye GitHub, fungua faili kisha bonyeza herufi `b`. Kila mstari utaonekana na komiti iliyouleta. Mara nyingi ya kwanza utakayoiona ni ya mtu aliyepanga upya nafasi na mabano tu; pembeni yake pana alama ya kukurudisha kabla ya badiliko hilo, nawe rudi nyuma hadi umpate aliyeandika mantiki yenyewe. Searchfox ina ukanda mwembamba kushoto mwa mistari. Ukiuwekea kishale unakuonyesha badiliko lililouleta.

Ukiwa na hifadhi kwenye kompyuta yako, amri mbili zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. `git log -S'maneno'` huleta komiti ambazo maneno hayo yaliongezwa au kuondolewa, hata kama faili lilishafutwa. `git log -L :jina:faili` hueleza maisha ya fanksheni moja, badiliko kwa badiliko.

Mfano unaostahili kutazamwa na kila mwanaprogramu ni dosari ya Heartbleed ya OpenSSL. Iliingia na toleo la 1.0.1 Machi 2012, ikarekebishwa katika 1.0.1g tarehe 7 Aprili 2014. Linganisha tagi `OpenSSL_1_0_1f` na `OpenSSL_1_0_1g` kwenye GitHub, kisha tafuta `tls1_process_heartbeat` ndani ya `ssl/t1_lib.c`. Katika toleo la awali, msimbo unaisoma kutoka kwa mtumaji namba inayodai urefu wa ujumbe wake, kisha `memcpy` inanakili baiti kwa idadi hiyo bila kuuliza kama kweli zilitumwa. Anayetuma baiti chache na kudai nyingi anarudishiwa yaliyomo kwenye kumbukumbu ya seva. Marekebisho yake ni ukaguzi wa mstari mmoja au miwili: jumla ya urefu unaodaiwa ikizidi urefu wa rekodi iliyopokelewa, ujumbe unatupwa kimyakimya. Kuiona tofauti hiyo kwa macho yako kunafundisha zaidi ya makala nyingi za usalama.

Na kama mradi wenyewe haupo tena? Huduma ya Gitorious ilifungwa 2015, ya Google Code 2016, na maelfu ya miradi ilikuwa humo. Jaribu archive.softwareheritage.org, hifadhi iliyozinduliwa na taasisi ya Inria ya Ufaransa mwaka 2016. Humo msimbo wa huduma hizo mbili umetunzwa, na kila faili lina kitambulisho cha kudumu unachoweza kukinukuu. Ukitaka kuona jinsi wengine wanavyoitumia fanksheni fulani, codesearch.debian.net hutafuta katika vifurushi vyote vya Debian kwa mkupuo.

Kuweka zana ya ofisini kwenu

Msimbo wa kampuni haupelekwi kwenye tovuti ya watu. Kwa hifadhi za ndani, OpenGrok ni chaguo lililokomaa. Ilizaliwa Sun Microsystems, sasa iko chini ya Oracle, imeandikwa kwa Java, na injini yake ya kutafutia ni Lucene. Kama Docker ipo, amri ni moja:

`docker run -d -v /njia/ya/msimbo:/opengrok/src -p 8080:8080 opengrok/docker:latest`

Weka kila hifadhi kama folda yake ndani ya folda uliyoitaja, subiri faharasa ikamilike, kisha fungua bandari ya 8080 kwenye kivinjari. Utakuta visanduku kadhaa, navyo vinalingana na maswali yetu: kimoja cha ufafanuzi, kimoja cha majina yanapotajwa, kimoja cha maandishi yote, kimoja cha njia ya faili na kimoja cha historia. Unaweza kujaza viwili kwa pamoja, kwa mfano jina kwenye kimoja na sehemu ya njia kwenye kingine, ili kupunguza matokeo. Mkitaka maandishi tu, Hound au Zoekt ni nyepesi zaidi.

Angalia mambo mawili kabla ya kuwaalika wenzako. La kwanza ni usalama: iweke ndani ya mtandao wa ofisi, nyuma ya nywila. Kumbuka kuwa faharasa humrahisishia kazi kila mtu; nenosiri la hifadhidata lililosahauliwa ndani ya faili la mwaka juzi litapatikana kwa sekunde moja. Anza wewe kutafuta `password` na `secret`, muyabadilishe mtakayoyakuta. La pili ni diski: faharasa nayo inataka nafasi yake, kwa hiyo pima kabla ya kupakia kila kitu.

Kwa anayefanya kazi kwa bando, kivinjari kina faida nyingine. Hifadhi ya Linux pamoja na historia yake yote ni gigabaiti kadhaa. Kurasa za Elixir ni maandishi matupu na husomi ila ule unaouhitaji. Ukilazimika kupakua, `git clone --depth 1` hukuletea hali ya sasa bila historia. Baada ya hapo, `rg`, yaani ripgrep, hutafuta bila intaneti kabisa.

Kumwachia mwenzako njia

Unapopata jibu, liandike kama mnyororo wa faili na fanksheni, kwa mpangilio uliopita: `fs/open.c` hadi `fs/namei.c`, kurudi `fs/open.c`, hadi `fs/ext4/file.c`. Weka kiungo kwa kila hatua, kiwe kiungo kisichohama. Anwani za Elixir hubeba namba ya toleo ndani yake, mradi hukuchagua `latest`. Kwenye GitHub, bofya namba ya mstari kisha bonyeza `y`. Anwani hubadilika kutoka jina la tawi kuwa namba ya komiti. Usipofanya hivyo, mstari wa 214 uliouelekeza leo utakuwa kitu kingine mwezi ujao, na ripoti yako ya dosari itaonekana ya kipuuzi.

Kabla ya kusema "hakuna anayeitumia"

Maneno hayo yameangusha mifumo mingi, na karibu kila mara msemaji alikuwa ametafuta kweli, akapata sifuri. Kabla ya kufuta fanksheni, pitia haya:

- Umetafuta jina kwenye faharasa ya majina, katika toleo linaloendeshwa na wateja, si tawi kuu tu?
- Umelitafuta kama maandishi, katika XML, YAML, SQL, violezo vya kurasa na hati za kusakinishia?
- Umeangalia kama linaundwa na makro, au kwa kuunganisha vipande viwili vya maneno?
- Umeangalia kama fanksheni imewekwa ndani ya muundo na kuitwa kwa kielekezi, au inatekeleza intafesi?
- Umetafuta kwenye hifadhi nyingine za taasisi yako, na za wanaoitegemea nje?
- Umesoma komiti iliyoileta?

Majibu yote sita yakiwa ndiyo, na matokeo bado ni sifuri, futa, na utaje kwenye maelezo ya komiti ulikotafuta. Jibu moja likiwa hapana, bado unachokijua ni kwamba zana uliyoitumia haikuona kitu.